openEMS kwenye laptop ya mtumba: miezi minne ya kupima laini ya shaba kabla haijakatwa

Mimi si mhandisi wa chuo kikuu. Nina stashahada na kibanda Sinza, jirani na Shekilango, pale ofisi za mabasi ya mikoani zilipobanana kama meno. Riziki yangu ni GPS treka: nazifunga kwenye magari, nazifufua zikifa, na mara chache natengeneza kibodi cha pembeni pale cha kiwandani kinapozidiwa. Kwa hiyo tathmini hii ya openEMS, programu ya kuigiza kwenye kompyuta jinsi mawimbi ya redio yanavyopita kwenye shaba, itanuka solda. Nimeitumia tangu Desemba, kwa kazi moja iliyoniingizia hela na nyingine tatu za kujifurahisha.

Kazi ya hela ilianza kwa simu ya mteja mwenye mabasi. "Fundi, gari zangu mbili zikiwasha Wi-Fi zinapotea kwenye ramani. Zikizima Wi-Fi, zinarudi." Nikaenda kuziona. Kisanduku cha Wi-Fi cha abiria kilikuwa kimefungwa chini ya dashibodi, shubiri moja kutoka antena ya GPS. Nikamwambia tukisogeze. Akaniambia dashibodi imeshafunikwa upya kwa ngozi, nisiguse. "Tafuta njia nyingine, wewe si ndiyo fundi?"

GPS inasikiliza kwenye megahezi 1575.42, na kinachofika pale kutoka angani ni hafifu kupita kiasi. Wi-Fi ya gigahezi 2.4 ikipiga kelele shubiri moja pembeni, ampilifaya ya treka inashiba kelele hiyo na kuacha kusikia setilaiti. Gari hizi antena yake haina ampilifaya ndani. Ampilifaya ipo kwenye bodi. Kwa hiyo nafasi ilikuwepo: katikati ya antena na bodi niweke kipande cha laini ya mikrostripi chenye kitawi kimoja kinachokula gigahezi 2.45 ya Wi-Fi na kuiachia 1.575 ya GPS ipite.

Mikrostripi wengi mmeiona bila kuijua jina. Ni ule utepe wa shaba juu ya bodi, chini yake shaba nyingine iliyotandazwa kote, na katikati yao ubao wa FR-4, ule wa kawaida wa bodi za elektroniki. Ilitangazwa mwaka 1952 na Grieg na Engelmann, wakiwa maabara ya ITT kule Marekani, na tangu hapo imekaa kwenye karibu kila kitu chenye redio ndani. Ugumu wake ni kwamba wimbi halisafiri lote ndani ya ubao. Sehemu linapita kwenye ubao, sehemu linapita hewani juu ya utepe, kama mtu anayetembea mguu mmoja kwenye lami na mwingine kwenye mchanga. Kasi yake ni ya katikati, na hiyo katikati inabadilika kadiri utepe unavyopanuka au kubanwa.

Kwa laini iliyonyooka huhitaji programu yoyote kubwa. Hili naliweka mbele kwa sababu naona vijana wanapakua magigabaiti ili wajue upana wa laini yenye impidansi, yaani ukinzani ambao wimbi linauona kwenye laini, ya omu 50. Kanuni za Hammerstad na Jensen za mwaka 1980 zimo kwenye vikokotoo vya bure kila kona. Ubao wa FR-4 wenye unene wa milimita 1.6, ukichukua 4.4 kama thamani yake ya dielektriki (jinsi ubao unavyopunguza kasi ya wimbi), unataka utepe wa milimita 3 na ushee kwa omu 50. Dakika moja, umemaliza. Ukitumia simulesheni kwa jambo hilo ni kama kukodi fuso kubeba kilo mbili za nyanya.

Kitawi ndicho kilichonipeleka kwenye openEMS. Kitawi kilichoachwa wazi mwishoni, chenye urefu wa robo ya wimbi, kwa frikwensi yake kinageuka kuwa kama waya uliounganishwa moja kwa moja na ardhi: hiyo frikwensi inazama, haipiti. Nilichagua kitawi chembamba, milimita 0.7, ambacho impidansi yake ni karibu omu 100. Kitawi kipana cha omu 50 kingepunguza GPS kwa zaidi ya desibeli 2 (desibeli ndiyo tunayopimia nguvu ya mawimbi inayopotea), na kila desibeli inayopotea kabla ya ampilifaya hairudi tena, hata uweke ampilifaya ya dhahabu. Chembamba kinapoteza kama desibeli 0.6 tu, ukiacha ulaji wa ubao wenyewe.

Kikokotoo kikanipa robo ya wimbi: milimita 17.5. Ukitoa kiasi ambacho wimbi linachungulia nje ya ncha ya kitawi, kama milimita 0.45, inabaki 17.1 hivi. Sawa. Ila 17.1 kuanzia wapi? Laini kuu ina upana wa milimita 3. Kitawi kinaanza kuhesabiwa ukingoni mwa laini kuu, au katikati yake? Tofauti ni milimita 1.5, na kwa kitawi cha 17 hiyo ni karibu asilimia 9. Ukikosea upande huu au ule, badala ya kuziba 2.45 unaziba hewa. Kikokotoo hakina habari na swali hilo, kwa sababu kinajua laini moja tu na hapa zimekutana mbili.

Basi, bidhaa yenyewe.

openEMS ni ya bure na chanzo chake kiko wazi, chini ya leseni ya GPL. Ilikulia Chuo Kikuu cha Duisburg-Essen, Ujerumani, na mtu anayejulikana zaidi nayo ni Thorsten Liebig. Kwa Windows unapakua faili moja la zip, unalifungua, basi. Inaendeshwa kwa skripti kupitia Octave, programu ya hesabu ambayo nayo ni bure, au kupitia Python. Nilivipakua usiku kwa bando la usiku, asubuhi nikaanza.

Cha kwanza kitakachokushtua: hakuna ukurasa wa kuchorea. Hukuti kipanya cha kuvuta utepe kutoka hapa hadi pale. Unaandika kwa maneno kwamba kuna sanduku la shaba kuanzia nukta hii hadi nukta ile, kuna ubao hapa, kuna hewa hapa, kisha unafungua kioo cha kutazamia kinachoitwa AppCSXCAD uone kama ulichoandika ndicho ulichowaza. Kijana wangu wa kazi alichungulia akaniuliza, "Bosi, hii programu au barua?" Siku tatu za kwanza nilikubaliana naye. Nilikuwa naweka utepe chini ya ubao badala ya juu, na programu haikusema kitu. Ilipiga hesabu zake kwa utii mkubwa na kunipa majibu ya bodi ambayo haipo duniani.

Inavyofanya kazi, kwa aliyesoma kidogo, ni njia ya FDTD iliyotoka kwa Kane Yee mwaka 1966. Nafasi yote inakatwa vyumba vidogo. Kisha uga wa umeme unakokotolewa, halafu wa sumaku, halafu wa umeme, kwa kupokezana bila kugongana, kama wanawake wawili wanaotwanga kinu kimoja. Unaingiza mpigo mfupi upande mmoja wa laini, unauacha usafiri, na unarekodi kilichofika upande wa pili na kilichorudi. Uzuri wake ni kwamba mpigo mfupi una frikwensi nyingi ndani yake, kwa hiyo ukiendesha mara moja unapata mchoro wote, kuanzia gigahezi 1 hadi 4 kwa kesi yangu. Huhitaji kuuliza frikwensi moja moja.

Wakati inafanya kazi, kwenye dirisha jeusi inaandika kasi na nishati iliyobaki ndani ya sanduku. Inaanza sifuri, inashuka: desibeli -10, -20, -30. Mimi nimeiambia isimame ikifika -50. Nimezoea kuitazama kama mtu anayetazama sufuria ya maharage.

Nikaifanyia mtihani kabla ya kuiamini. Laini iliyonyooka, milimita 3.06, ambayo kikokotoo kinasema omu 50. Kama programu hii ni ya kweli inipe hivyo hivyo. Ikanipa 46.8.

Hapo ndipo wengi huiacha, na mimi nusura niifute. Kosa lilikuwa langu na liko kwenye wavu, yaani ile mistari inayokata vyumba. Vyumba unavikata wewe mwenyewe, programu haikukatii. Nilikuwa nimelaza mistari ya wavu juu kabisa ya kingo za utepe, kwa sababu ndivyo macho yanavyoona sawa. Lakini ukingoni mwa shaba ndipo uga unapojikusanya kwa nguvu, na chumba kikubwa kinashindwa kuuona mkusanyiko huo, matokeo yake utepe unaonekana mpana kuliko ulivyo. Dawa ni kanuni ya theluthi, ambayo imo kwenye mifano inayokuja na programu: usilaze mstari juu ya ukingo, weka mmoja ndani ya shaba kwa theluthi ya chumba, mwingine nje kwa theluthi mbili. Nikafanya hivyo, nikaukata pia ubao vyumba vinne kwa unene wake, nikaendesha tena. Omu 50.4. Nikaenda kunywa chai.

Nitakaa kidogo hapo kwenye wavu kwa sababu ndio bidhaa yenyewe. Mengine ni mapambo. Wavu mpana unadanganya. Wavu mwembamba unachelewesha, tena si kwa kiasi unachodhani, kwani chumba kimoja kidogo kuliko vyote ndicho kinachoamua hatua ya muda kwa sanduku zima. Nililijua hili kwa kusoma, halafu nikaja kulijua kwa jasho. Siku moja niliongeza kitawi, na mstari mmoja wa wavu wa kitawi ukaangukia jirani sana na mstari mwingine uliokuwepo, wakapishana milimita 0.008. Sikuuona. Kazi iliyokuwa inachukua dakika 9 ikaanza kutambaa. Nikadhani laptop imepata joto, nikaisogeza kwenye feni. Umeme ukakatika mtaani, betri ya mtumba ikashika dakika 40, ikafa kabla nishati haijafika hata -20. Jioni nikaandika mstari mmoja wa Octave unaonionyesha pengo dogo kuliko yote kwenye wavu kabla sijabonyeza kuanza. Tangu siku ile sijaingia tena kwenye shimo hilo. Kama utachukua jambo moja la kiufundi humu, chukua mstari huo.

Kwa vyumba kama laki 6 laptop yangu, ThinkPad ya mtumba yenye RAM ya 8 GB niliyoinunua Kariakoo, haikuhema. Kumbukumbu inayoliwa ni ndogo. Kinacholiwa ni prosesa, na inazitumia kora zote, hivyo usitegemee kuangalia mpira huku inaendelea. Kadi ya grafiki ya bei mbaya haihitajiki.

Mlango wa mikrostripi, yaani sehemu ya kuingizia na kupokelea mpigo, umetengenezwa kwa akili. Haupimi tu pale mwishoni. Unapima voltiji sehemu tatu na mkondo sehemu mbili kando ya laini, kisha wenyewe unakokotoa impidansi ya laini na kasi ya wimbi juu yake. Ndiyo maana niliweza kuona ile 46.8 na kujua kuna kitu hakiko sawa. Programu ambayo ingenipa mchoro mzuri bila namba hiyo ingenipoteza.

Kilichonichanganya zaidi ni ulaji wa ubao. FR-4 ni ubao wa bei nafuu na unakula mawimbi. Upotevu wake, tanjenti ya 0.02 hivi, ndio unaoamua kitawi kinazama kwa kina gani. Mara ya kwanza niliusahau, nikaona shimo, pale mchoro unapozama kwenye frikwensi iliyozibwa, linalopita desibeli 40. Nikampigia mteja simu kwa furaha. Ilikuwa furaha ya bure. Kwenye openEMS huweki tanjenti moja kwa moja, unaweka upitishaji wa ubao unaoitwa Kappa, na unaukokotoa mwenyewe kwa frikwensi unayoijali. Kwa FR-4 yangu pale 2.45 ni karibu 0.012 kwa kipimo cha siemensi kwa mita. Nilipouweka, shimo likapanda hadi desibeli 25. Bado lilitosha kabisa, ila niliumia kidogo moyoni. Ujue pia kwamba namba hiyo ni sahihi karibu na frikwensi uliyochagua tu. Ukienda mbali nayo, hasara inayoonyeshwa inaanza kupotoka.

Sasa swali langu la 17.1 kuanzia wapi. Nilikiweka kitawi kwa kuhesabu kutoka ukingoni mwa laini kuu. Shimo likaangukia 2.37. Kwa lugha nyingine, wimbi lilikuwa linaona kitawi kirefu kuliko nilivyokikata, kwa sababu linaanza kukihesabu kabla ya ukingo, mahali fulani ndani ya laini kuu, lakini si katikati. Kama lingekuwa katikati, shimo lingeshuka zaidi, kwenye 2.26 hivi. Ni kama nusu milimita ndani ya ukingo. Hakuna kikokotoo cha simu ambacho kingeniambia hilo. Nikapunguza kitawi hadi 16.5, nikaendesha, nikasubiri dakika 9, shimo likakaa 2.45 na kitu. Nikafungua picha za uga kwenye ParaView, programu ya kutazamia matokeo, nione wimbi linavyopinda kwenye kona ile na kujaa kwenye kitawi. Hii haikuwa ya lazima kwa kazi. Niliitazama mara nne.

Kutoka kwenye kompyuta hadi kwenye shaba kuna safari. Mimi bodi za majaribio nazitengeneza kienyeji: naprinti mchoro kwa leza kwenye karatasi ya kung'aa, nauhamishia kwenye bodi kwa pasi, naitumbukiza kwenye ferikloraidi. Leza sina, natumia ya steshenari moja ya mtaani. Nikachonga bodi, nikachomea konekta mbili za SMA, nikaiweka kwenye NanoVNA V2, kifaa kidogo cha kupimia frikwensi zinazopita na zinazozama, ile inayofika gigahezi 3. Shimo likaonekana 2.49.

Nilitukana. Nilimwambia kijana wangu kwamba Wajerumani wametudanganya. Yeye akachukua rula, kwa utulivu wa mtu asiyelipwa kwa kufikiri, akapima kitawi: milimita 16. Kwenye faili ni 16.5. Akapima na laini kuu, nayo imepungua. Printa ya steshenari ilikuwa imewekwa ilingane na ukurasa, ikapunguza kila kitu kwa asilimia 3 bila kuuliza mtu. Nilirudi pale, nikamwomba dada wa kaunta aweke asilimia 100 kamili. Akaniuliza kwani ni cheti cha nini. Nikamwambia ni cheti cha basi.

Bodi ya pili: 16.5 kwa rula, shimo 2.42 kwa NanoVNA. Sasa limekwenda upande wa pili. Hapa programu haikuwa na kosa, wala printa. FR-4 haina namba moja. Zinatoka za 4.2, zinatoka za 4.7, kutegemea kiwanda na kiasi cha resini, na za Kariakoo unanunua bila karatasi yoyote. Nikarudi kwenye skripti, nikaibadilisha 4.4 kuwa 4.54, na simulesheni ikakaa juu ya kipimo kama kifuniko juu ya sufuria yake. Kwa hiyo sasa najua ubao wangu ni upi, na programu ndiyo iliyonisaidia kuupima. Nilikwangua milimita 0.2 kwa wembe kwenye ncha ya kitawi, shimo likafika 2.45. Pale 1.575 hasara ilikuwa chini kidogo ya desibeli 1.

Kuhusu washindani. HFSS ya Ansys na CST Studio Suite ni programu kubwa na nzuri, zina kuchora kwa kipanya, na HFSS inajikatia na kujirekebishia wavu yenyewe hadi jibu litulie. Bei unaomba kwa kotesheni, na fundi wa Sinza hapewi kotesheni, anapewa pole. CST wana toleo la bure la wanafunzi lenye mipaka. Kama upo chuoni, lichukue. Kuna pia Sonnet Lite, ya bure, ambayo inatumia njia nyingine kabisa na inafaa sana vitu bapa kama hivi vya mikrostripi. Kwa mtu ambaye hataki kuona skripti maishani mwake ningemshauri aanze na hiyo, akijua kwamba kila kitu kinawekwa ndani ya sanduku la chuma na ukubwa wa kazi una kikomo. Antena iliyo wazi hewani, rudi openEMS.

Na zile zilizokrakiwa zinazozunguka kwenye flash, siziongelei kwa upande wa dini. Naongelea upande wa kazi. Niliwahi kuwa nayo moja, ikaja na virusi vilivyokula picha za harusi ya dada yangu. Hadi leo akija nyumbani hanisalimii kwanza, anauliza picha.

Nani hafai kuitumia: mtu anayetaka jibu leo. Wiki mbili za mwanzo hutapata kitu cha kumwonyesha mteja. Maelezo yake yote ni ya Kiingereza, mifano ni mizuri lakini inadhani unajua tayari kwa nini pembeni mwa laini unaweka ukuta unaonyonya mawimbi na chini unaweka shaba kamili. Nilijifunza kwa kuuchukua mfano wao wa filta ya mikrostripi yenye kitawi, nikawa nabadilisha namba moja, naendesha, naangalia kilichoharibika. Mfano ule umeandikwa kwa ubao mwembamba wa maikromita 254, kwa hiyo usiuhamishe mzima mzima kwenye FR-4 ya milimita 1.6. Mimi nilifanya hivyo siku ya kwanza, na sitaki kuliongelea.

Nikitoa nyota ni nne. Ya tano naizuia kwa sababu ya ule ukimya wake. Ukikosea kuweka kitu haikuambii, na fundi anayefanya kazi peke yake usiku anahitaji programu inayoguna angalau.

Basi mbili zimeshafungwa vibodi hivyo na zinaonekana kwenye ramani Wi-Fi ikiwaka, Mbeya kwenda na kurudi. Mteja amelipa nusu. Ameniambia nusu nyingine tutaongea, na ameleta gari la tatu, hili Wi-Fi yake ni ya bendi mbili, 2.4 na 5. Kwa hiyo sasa nina vitawi viwili kwenye laini moja, na vinasogeleana hadi kimoja kinaharibu hesabu ya mwenzake. Simulesheni yake inaendelea tangu saa mbili usiku. Nje mvua ya masika inapiga bati, nishati ipo -31, feni inalia, na luku imebaki uniti nne.